Msitu wa miombo hausubiri mvua

Katikati ya Septemba, saa saba mchana, kwenye pori la miombo nje ya Tabora. Mvua ya mwisho ya kueleweka ilinyesha Aprili. Nyasi zimeungua au zimelala, udongo umeshupaa, na kila baada ya muda ganda la mbegu linapasuka juu ya miti kwa mlio mkavu. Miti miwili ya mtundu imesimama, hatua kama kumi kati yake. Mmoja umejaa majani mapya ya rangi ya damu ya mzee, laini, yananing'inia. Wa pili umechipua wiki ileile, ila majani yake ni kijani hafifu tangu siku ya kwanza.

Hakuna aliyemwagilia.

Kwa wiki kadhaa maswali haya yamenikalia kichwani. Maji ya kutengenezea majani yale yametoka wapi? Kwa nini mti uyatumie sasa, wakati mvua bado iko mwezi mmoja au miwili mbele? Na kwa nini majirani wawili wa jamii moja, kwenye udongo mmoja, wapishane rangi? Majibu tuliyoyazoea ni mepesi mno. Ukienda porini mara moja na simu yako utarudi na picha nzuri na majibu yaleyale. Ukienda kila wiki na daftari, majibu yanaanza kupukutika, na hapo ndipo pori linaponoga.

## Kalenda iliyo kinyume

Tumekua tukisema mvua ikinyesha, miti inachipua. Kwa nyasi ni kweli. Kwa uyoga ni kweli. Kwa miti mikubwa ya miombo, si kweli hata kidogo.

Mpangilio wenyewe, kwa magharibi na kusini mwa Tanzania, uko hivi. Agosti, mwambangoma (*Erythrina abyssinica*) unasimama bila jani hata moja, umebeba vishada vyekundu, na ndege aina ya chozi hawatoki juu yake kutwa. Septemba unafuata mlundalunda (*Cassia abbreviata*) kwa maua ya manjano, huku maganda yake ya mwaka jana, marefu kama mkono wa mtu mzima, yangali yananing'inia. Mninga unachanua manjano yenye kuelekea chungwa, mara nyingi kabla ya majani au sambamba nayo, na maua yake hayadumu: ukiukosa wiki mbili tatu umeukosa mwaka. Mtundu na myombo vinatoa majani mapya Septemba na Oktoba. Maua ya mtundu yanafuata, madogo, ya rangi ya maziwa ya kijani, ambayo mtu aliye chini huyanusa kabla ya kuyaona. Ndipo Novemba, mvua.

Kwa hiyo kipindi ambacho pori hujifanya upya ndicho kipindi chenye joto kali kuliko vyote mwakani, na udongo wa juu ukiwa umekauka kuliko wakati mwingine wowote.

Wafugaji wa nyuki wanalijua hili kuliko sisi wengine. Mizinga hupandishwa mitini kabla mtundu haujachanua, kwa sababu makundi ya nyuki yanahama yakitafuta makazi maua yanapoanza. Mzinga unaopandishwa mvua ikishaanza umechelewa kwa asali ya mtundu na utasubiri maua ya mtondoro, ambayo huja baadaye sana, mvua zikiwa zimekolea au zikielekea ukingoni.

## Ujue mti kabla ya kuuandika

Daftari lililojaa tarehe sahihi za mti usio sahihi halina kazi. Mtundu (*Brachystegia spiciformis*) na mtondoro (*Julbernardia globiflora*, ambao Wanyamwezi huuita muba) vinachanganywa na kila mtu anayeanza. Vina kimo kimoja, gome linalokaribiana, na majani yaliyogawanyika kwa namna moja.

Chuma jani moja zima, yaani kikonyo chote pamoja na vijani vyake. Hesabu jozi. Mtundu kwa kawaida una jozi kama nne, na jozi ya mwisho, ile ya nchani, ndiyo kubwa kuliko zote. Mtondoro una jozi tano au sita, na jozi kubwa ziko katikati. Myombo wenyewe (*Brachystegia boehmii*) hauna utata: jozi ni nyingi, kuanzia kumi na kitu hadi ishirini na zaidi, nyembamba, na jani zima linafanana na unyoya.

Tatizo ni kwamba mwishoni mwa Agosti huenda hakuna jani la kuhesabu. Hapo tazama chini. Maganda ya mtundu yaliyopasuka hujikunja kama bisibisi na hulala kwa wingi chini ya mti ulioyaangusha. Kwa mtondoro, tazama juu: maganda yake hukaa yamesimama nje ya kilele cha majani, hayajifichi ndani. Mninga hujitambulisha kwa matunda ya kahawia yenye duara, kila moja likiwa na bawa pembeni na manyoya magumu katikati, ambayo hubaki mtini hata baada ya majani kuisha. Hakuna haja ya kuutema panga ili kuona utomvu wake mwekundu. Tafuta jeraha la zamani, halikosekani.

Majina ya kienyeji hubadilika kila unapovuka mto. Andika jina ulilopewa na mwenyeji, kisha andika la kisayansi karibu nalo.

## Miti michache, kila wiki

Mtu anayetaka kuelewa pori lote kwa msimu mmoja hatalielewa. Chagua miti kumi na miwili: mitundu minne, myombo mitatu, mitondoro miwili, mininga miwili, na mmoja wowote unaoota juu ya kichuguu. Huo wa mwisho ni muhimu. Udongo wa kichuguu hushika maji na rutuba tofauti na wa pembeni, na miti yake mara nyingi ni ya jamii nyingine kabisa, mingine haipotezi majani. Ukiuchanganya na mingine bila kuandika "kichuguu", utapata tarehe ambazo hazieleweki.

Miti iwe mikubwa, iliyokomaa. Machipukizi yanayotoka kwenye visiki vya miti iliyokatwa kwa mkaa hayafuati kalenda ya miti mizima, kwa kuwa yana mizizi ya mti mkubwa na mwili wa mche. Pori la karibu na mji limejaa visiki vya aina hii, na ndivyo vinavyompa mgeni picha ya kwamba "kila kitu kimechipua Julai".

Alama: kata kipande cha bati laini la kopo la soda, sentimita 3 kwa 8, andika namba kwa kukandamiza kalamu ya wino iliyokauka, fungia tawini kwa waya uliolegea. Usipigilie msumari. Rangi ya mafuta huvutia macho ya watu wengi kuliko unavyotaka, na wengine watadhani mti umewekewa alama ya kukatwa.

Kila ziara, kwa kila mti, andika namba kuanzia 0 hadi 4 kwa mambo matano: majani ya zamani, vichomozo (machipukizi ambayo bado hayajafunguka), majani mapya ambayo hayajafika nusu ya ukubwa wake, majani mapya yaliyokomaa, na maua. 0 ni hakuna, 1 ni hadi robo ya kichwa cha mti, 2 ni hadi nusu, 3 hadi robo tatu, 4 ni zaidi ya hapo. Usiandike asilimia. Hakuna jicho linalotofautisha asilimia 35 na 40 juu ya mti wa mita 15, na namba ya uongo ni mbaya kuliko namba pana.

Simama upande uleule kila mara. Upande wa mashariki wa mti unaweza kutangulia wa magharibi kwa siku kadhaa, na ukizunguka bila mpango utaandika kwamba mti umerudi nyuma.

Mara moja kwa wiki inatosha hadi vichomozo vionekane. Baada ya hapo nenda kila baada ya siku tatu au nne, kwa sababu safari ya kutoka kichomozo hadi jani kamili ni fupi, na wekundu huisha ndani ya wiki mbili tatu.

Kuhusu ruhusa: pori nyingi zilizobaki jirani na vijiji ni hifadhi ya kijiji au ya serikali. Anza kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya maliasili, na kama ni hifadhi ya serikali, ofisi ya wilaya ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mtu mwenye darubini na waya porini bila taarifa huonekana mtafuta madini au jangili, na hoja yake ya kwamba anahesabu majani haimsaidii.

Mavazi: acha nguo za bluu na nyeusi nyumbani, mbung'o huzifuata. Na upupu umekauka miezi hiyo. Manyoya ya maganda yake hupeperuka hata bila kuguswa. Ukipatwa, usisugue; watu wa huko hupaka majivu makavu na kuyapangusa.

## Rangi inavyodanganya

Simu ndiyo chombo kibovu kuliko vyote kwa kazi hii, kwa sababu inajaribu kukusaidia. Ikiona mti mzima mwekundu hudhani taa ni mbaya na kupunguza wekundu. Weka karatasi nyeupe kwenye kona ya kila picha, funga mpangilio wa mwanga kama simu inaruhusu, na piga jua likiwa nyuma yako. Jua likiwa nyuma ya majani, hata jani la kijani hafifu huwaka kama shaba.

Udanganyifu wa pili ni moto. Mti uliounguliwa na moto wa chini hubadilika kuwa wekundu wa kahawia, na ukiwa mbali huwezi kuutofautisha na mti unaochipua. Ukaribie: majani yaliyobabuka ni makavu na yamejikunja, na mara nyingi wekundu huishia kwenye mstari mmoja wa kimo kwa miti yote ya eneo hilo. Majani mapya ni laini na mororo.

Wa tatu ni vimelea. Mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine ina ratiba yake yenyewe. Fungu la majani mabichi kwenye mti mkavu mtupu huenda si la mti huo.

Kama bado una shaka, kuna jaribio la jikoni. Chukua majani matano, yaponde, mimina robo kikombe cha maji ya moto, ngoja dakika kumi, chuja. Gawa maji hayo mara mbili. Nusu moja tia matone ya limao, nusu nyingine tia magadi kidogo. Jani changa jekundu lina antosayanini, rangi inayoitikia uchachu: kwa limao wekundu hukolea, kwa magadi hugeuka kijani kichafu. Jani lililobabuliwa na moto hutoa maji ya kahawia tu, na limao haliyageuzi kuwa mekundu.

## Maji yanatoka wapi?

Chimba. Jembe na mtaimbo vitakufikisha sentimita 60 kwa nusu saa ya jasho. Kamata udongo wa chini kabisa, ubane kiganjani, fungua. Oktoba, kwenye pori la mchanga, hautengenezi donge.

Jibu la haraka ni kwamba mizizi imekwenda chini zaidi, na ni kweli kwamba mizizi ya mtundu inaweza kupita mita 5. Lakini jibu hilo pekee halitoshi. Kama maji yapo chini na mti unayafikia, kwa nini uliangusha majani ya zamani Agosti? Mti wenye kisima hauna sababu ya kukaa uchi hata wiki mbili.

Hapa ndipo mawazo yanapogeuka.

Jani la zamani linavuja. Linakaribia mwaka mzima, limetobolewa na wadudu, na halimudu tena kufunga vinyweleo vyake barabara. Mti unapolidondosha, unakata matumizi ya maji karibu yote kwa mkupuo. Mizizi inaendelea kuvuta kile kidogo kilichopo chini, na kwa kuwa hakuna kinachotoka juu, shina linajaa. Likishajaa, vichomozo vinapasuka. Kwa mtazamo huu, kupukutika hakuonyeshi kwamba mti umeshindwa na kiangazi. Ni hatua ya kwanza ya kuchipua. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2018 uliunga mkono picha hiyo: katika mapori ya miombo, maji ndani ya miti huanza kuongezeka kiangazi kikiwa bado kinaendelea, wiki nyingi kabla ya mvua.

Kuna shahidi mdogo porini. Mwishoni mwa kiangazi baadhi ya miti, hasa *Philenoptera violacea*, hudondosha matone mchana kutwa hadi ardhi chini yake ikalowa. Watu huuita muujiza, na wengine huuogopa. Tazama matawi kwa darubini: kuna mafungu ya povu, na ndani yake watoto wa mdudu wa jamii ya *Ptyelus* wanaonyonya maji ya mti na kuyatoa yakiwa karibu safi. Mti ambao wadudu wanaweza kuunyonya kiasi hicho Oktoba si mti mkavu.

Unaweza kujaribu kupima shina likivimba, ila nakuonya. Tumia utepe wa chuma, kimo cha mita 1.3, juu ya mstari uliochora kwa chaki, saa 12 na nusu asubuhi kila mara, kwa kuwa shina hupungua jua likipanda. Gome la mtundu mzee hubanduka vipande, na kipande kimoja kikianguka kinameza mabadiliko yote unayoyatafuta. Chini ya milimita 3 usiamini kitu. Mtu wa daftari na utepe anaweza kuona mwelekeo. Uthibitisho anaupata mwenye vyombo.

Kinachobaki bila jibu ni saa. Nani anauambia mti kwamba ni Septemba? Urefu wa mchana ni kidokezo dhaifu: kwa Tabora, iliyo nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote vinapishana kwa kama nusu saa tu. Joto linapanda Septemba, lakini hupanda na kushuka. Kama kujaa kwa shina ndiyo ishara yenyewe, basi kila mti una saa yake, kulingana na udongo uliopo chini yake na siku ulipoangusha majani. Hilo lingeeleza kwa nini majirani wawili hupishana kwa siku kumi. Haliwezi kueleza rangi.

## Wekundu ni wa nini?

Maelezo mawili ndiyo yanayosikika zaidi. La kwanza: antosayanini ni kivuli. Jani changa halijajenga vyombo vyake vya kutumia jua, na jua la Oktoba linaweza kuliharibu, hivyo rangi nyekundu inapunguza mwanga hadi jani likomae. La pili: ni ulinzi dhidi ya walaji, ama kwa sababu jani jekundu halionekani kama chakula kwa mdudu anayetafuta kijani, ama kwa sababu linatangaza tanini, yaani kemikali chungu, zilizo ndani yake.

Yote mawili yana mantiki. Yote mawili yanapata shida mbele ya mtundu wa kijani unaoota jirani na mwekundu na kustawi sawasawa.

Kuna kazi rahisi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya badala ya kubishana. Kwenye mti mwekundu na mti wa kijani uliochipua wiki moja, chagua matawi matano ya chini kila upande, na kila wiki hesabu vijani ishirini kwa kila tawi: vingapi vina tundu au pindo lililoliwa? Vijani mia moja kwa mti. Linganisha kimo kwa kimo na upande kwa upande, kwa sababu jani la kivulini huliwa tofauti na la juani. Kosa la kawaida ni kuokota vijani vilivyoanguka chini. Vilivyoliwa sana huanguka mapema, na hesabu yako inainama upande mmoja.

Na uendelee mwaka wa pili. Kama mti namba 3 ukiwa wa kijani tena Septemba ijayo, rangi imo kwenye damu yake. Kama ukigeuka mwekundu, tafuta sababu kwenye mwaka wenyewe.

## Wanaofuata majani

Jani changa ni chakula bora kuliko litakavyokuwa Januari, na viwavi wanajua. Nondo wakubwa wa jamii ya *Gynanisa* na *Gonimbrasia* hutaga mayai kwenye mtondoro na ndugu zake, na upande wa Zambia viwavi hao huvunwa kwa chakula kuanzia mvua za kwanza. Mayai hukaa kwa vishungi kwenye matawi na majani. Ukiviona, andika mti na tarehe, usivibandue.

Nyenje nao huanza, wale wanaolia juu ya miti mchana kutwa hadi masikio yanauma.

Ndege wa miombo humkatisha tamaa mgeni. Anatembea saa nzima haoni kitu, anasema pori limekufa. Shida ni kutembea. Ndege wengi wa humo husafiri kwa makundi mchanganyiko, jamii nyingi pamoja, na nusu ya pori hubaki tupu kwa muda. Kaa chini ya mti, saa 12 na nusu hadi saa tatu asubuhi, usiondoke kabla ya dakika thelathini. Sikiliza mlamba, kwa kuwa mara nyingi yumo kundini akinyakua wadudu wanaofurushwa na wenzake. Kundi likifika, acha kutafuta majina. Andika kwanza anachokula kila mmoja na wapi: gogota kwenye gome, mwingine kwenye ncha za vitawi, mwingine chini ya majani mapya. Majina utayatafuta baadaye kwa kumbukumbu hizo. Kundi lenyewe halikai dakika kumi.

Wageni huja kwa zamu. Mbayuwayu kutoka Ulaya wanaonekana kuanzia Septemba na Oktoba. Kekeo kifua-chekundu anaanza kuita, sauti tatu zinazoshuka, na watu husema anaita mvua. Jioni, kwenye uwazi au barabara ya zamani ya magogo, tafuta ndege aitwaye kirukanjia ambaye dume lake hubeba manyoya marefu ya mabawa yanayopepea nyuma kupita urefu wa mwili wake mara mbili. Huja kuzaliana miombo kipindi hiki na hutaga chini, hata kwenye ardhi iliyoungua. Kaa dakika kumi kabla ya giza, na ukibahatika kupata usiku wa mbalamwezi ongeza muda.

## Moto wa Septemba

Hapa sina subira na lugha ya pande mbili.

Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa nusu mbichi, hutambaa chini na kuacha vipande vingi bila kuungua. Moto wa Septemba au Oktoba hupanda. Unaikuta miti ikiwa imeshatumia akiba yake kwenye majani mapya, unayababua, na mti unalazimika kuanza upya kwa akiba iliyobaki. Miche iliyo chini ya kimo cha mtu huungua hadi ardhini na kurudi kuwa kichipukizi, mwaka baada ya mwaka.

Karibu na Ndola, Zambia, tangu miaka ya 1930 yaliwekwa maeneo ya majaribio: moja lilichomwa mapema kila mwaka, jingine lilichomwa mwishoni mwa kiangazi, jingine halikuchomwa. Lililochomwa mapema lilibaki miombo. Lisilochomwa lilijaa vichaka na miti isiyopukutika. Lililochomwa mwishoni mwa kiangazi likawa nyasi zenye miti michache inayostahimili moto, na mtundu na jamaa zake karibu wote wakatoweka.

Moto wa aina moja, miezi minne tu tofauti.

Kwa hiyo tarehe ya moto iandikwe kwenye daftari kwa uzito uleule wa tarehe ya majani. Pima kwa utepe kimo cha masizi kwenye mashina ya miti yako yote, na uandike ni upande gani wa shina. Kamati ya kijiji ikiwa na kumbukumbu za miaka mitatu zinazoonyesha siku mitundu inapochipua, inaweza kupanga kusafisha barabara za kuzuia moto na kuchoma mapema kwa tarehe za pori lake lenyewe, badala ya tarehe zilizotungwa mahali pengine.

## Mvua ikifika

Kipimo cha mvua: chupa ya lita moja na nusu yenye kuta zilizonyooka, ikatwe pale mwili wake unapoanza kusinyaa kuelekea shingoni, sehemu ya juu igeuzwe na kuingizwa kama faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo tia maji hadi yafunike sehemu isiyo sawa na chora mstari wa sifuri hapo. Juu yake, milimita kwa rula ni milimita za mvua. Iweke mahali wazi, mbali na mti ulio karibu angalau mara mbili ya kimo cha mti huo, na isome saa tatu asubuhi. Rudisha maji kwenye sifuri kila siku, kwani kwa joto la Oktoba sifuri yenyewe hukauka.

Mvua ya kwanza kwenye udongo uliokauka sana ina jambo lake. H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, Kenya, alionyesha miaka ya 1950 kwamba udongo ukikauka kisha ukaloweshwa ghafla, vijidudu vyake huamka na kuachia naitrojeni nyingi kwa siku chache, kisha inapungua. Mti ulio na majani kamili siku hiyo unaweza kuvuta mara moja. Mti unaosubiri mvua ndipo uanze kuchipua utakuta karamu imekwisha. Kati ya sababu zote za kuwahi, hii ndiyo inayonishawishi zaidi, ingawa daftari haliwezi kuipima.

Siku zile zile kumbikumbi wanaruka, na uyoga unaanza. Uyoga wa vichuguu hutokana na mchwa. Uyoga mwingi mwingine wa miombo umeungana na mizizi ya mtundu, myombo na mkusu, ndiyo sababu wachumaji wazoefu hutazama mti kwanza ndipo watazame chini. Andika uyoga uliuona chini ya mti gani, umbali wa hatua ngapi.

Mwisho, miche. Mbegu za mtundu hazilali ardhini zikingoja mwaka mwingine, huota kwa mvua za kwanza. Chora miraba minne ya mita moja kwa mita moja chini ya miti yako na uhesabu wiki ya tatu baada ya mvua, kisha mwezi Mei. Mingi itakuwa haipo. Lakini kuwa mwangalifu na mninga: mche wake hufa juu kila kiangazi kwa miaka mingi huku mzizi ukinenepa chini, kabla haujainuka kuwa mti. Kijiti kikavu cha Agosti kisifutwe daftarini kuwa kimekufa. Kwarua gome kwa ukucha pale kinapoingia ardhini. Ndani kukiwa kubichi, kiache na namba yake hadi Novemba.